Mikebe saba mezani, na bado nagonga mwamba kilomita ya 31

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 38, kilo 68, na huu ni mwaka wa nne nakimbia. Nilianza kwa kutafuta afya nikaishia kunaswa na marathoni. Nimeshakimbia tatu, na zote hadithi ni ile ile: nusu ya kwanza napaa, nusu ya pili najikokota.

Mbio za mwisho nilipita nusu kwa saa 1 na dakika 49, nikitaniana na watu njiani. Kilomita ya 31 nikagonga mwamba. Palikuwa na ukingo wa barabara wa kupanda, hata kimo cha kiganja haufiki, nikasimama mbele yake nikiutazama kama mtu aliyefika mtoni akakuta hakuna daraja. Mapaja yamekuwa magogo. Jua linawaka, mimi nasikia baridi. Nikajaribu kupiga hesabu ya kilomita zilizobaki, 42 kutoa 31. Mwalimu, jibu sikulipata. Nilimaliza kwa saa 4 na dakika 26, sehemu kubwa ya mwisho nikitembea. Shabaha yangu ni chini ya saa 4.

Mwenzangu wa mazoezi anauza virutubisho. Naomba usimfikirie vibaya. Ndiye aliyenitoa kitandani alfajiri ya kwanza, na mpaka leo hunisubiri nikichelewa. Yeye anasema tatizo langu ni mwili usiojua kuchoma mafuta. Basi kwa miezi minane sasa meza yangu ina mikebe saba. Kuna kanitini, gramu 3 kwa siku, ya kusukuma mafuta yaingie motoni. Kuna unga wa BCAA wa kunywa njiani, kreatini, na beta-alanini. Kuna vitamini C ya miligramu 1000 na vitamini E kila usiku, eti za kusafisha takataka za mazoezi. Halafu kuna unga wa kuamsha mwili, nusu saa kabla ya kukimbia. Siku ya mbio vitu vitamu ni marufuku, kwa sababu ameniambia sukari huzima moto wa mafuta. Kwa hiyo nakimbia kwa maji na BCAA tu.

Nikinywa beta-alanini, uso na masikio vinawasha kama nimepakwa upupu. Kreatini imeniongezea kilo moja na nusu. Ule unga wa kuamsha mara nyingine hufanya moyo uruke mapigo, lakini hutulia. Na mke wangu, hili naona haya kuliandika, anasema shuka zinanuka samaki. Nimezifua mara mbilimbili. Anasema si shuka, ni mimi.

Je, misuli yangu ina kasoro? Niongeze dozi, au kuna mkebe wa nane ninaoukosa? Na kama ni kuacha, nitamwambiaje mwenzangu?

Wako,
Miguu Magogo

*

Marahaba, Miguu Magogo.

La moyo umelipitisha katikati ya upupu na samaki kana kwamba ni dogo. Mimi naanza hapo. Ule unga wa kuamsha usiuguse tena, hata kijiko cha kumalizia mkebe, na kabla ya mazoezi mengine magumu nenda kwa daktari ukapimwe. Mkebe wenyewe uende nao. Unga wa namna hiyo mara nyingi huandikwa "mchanganyiko maalumu" na uzito wa jumla, bila kukuambia kafeini ni kiasi gani na vingine ni kiasi gani. Mwaka 2012, katika mbio za London Marathon, mwanamke wa miaka 30 alianguka akiwa amebakiza kama maili moja tu amalize, akafariki. Uchunguzi uliofanyika mwaka uliofuata ulitaja kichangamshi kiitwacho DMAA, kilichokuwamo kwenye unga aliouchanganya na kinywaji chake, kuwa kwa uwezekano mkubwa kilichangia. Na usidhani kibandiko kitakulinda: mwaka 2004 watafiti wa Cologne, Ujerumani, walichapisha vipimo vya virutubisho 634 kutoka nchi 13, ambavyo havikuuzwa kama homoni. Katika hivyo, 94 vilikutwa na homoni za kujenga misuli ambazo hazikuandikwa popote. Ukikimbia mbio zenye vipimo vya dawa, hakuna atakayeuliza nani alizichanganya. Zilizokutwa mwilini mwako ni zako.

Sasa misuli. Haina kasoro, iliishiwa.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi, ingawa kilomita ya 31 usingeiweza. Kukimbia hula takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 68 mara kilomita 42 ni kama 2,850. Upande wa akiba, wanga unaokula huhifadhiwa kama glikojeni: mtu wa ukubwa wako, akiwa ameshiba vizuri, ana kama gramu 400 kwenye misuli na karibu 100 kwenye ini. Gramu moja hutoa kilokalori 4. Hiyo ni 2,000, na hata hizo 2,000 si zote za kwako kuzitumia, kwa sababu glikojeni ya msuli mmoja haiwezi kukopeshwa msuli mwingine. Msuli hauna kimeng'enya cha kuifungua sukari hiyo irudi kwenye damu. Ini ndilo lenye nacho. Mikono yako inafika kwenye utepe na akiba yake huku mapaja yanakufa njaa.

Jambo hili lilionekana kwa macho mwaka 1966 kule Stockholm. Watafiti wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka ukagoma, kisha wakachomwa sindano za kutoa vipande vya nyama ya mapaja yao wenyewe. Mguu uliofanya kazi ulikuwa mtupu. Uliopumzika ulikuwa na akiba yake. Halafu wakala wanga kwa siku tatu, na mguu uliochoka ukajaza akiba kama mara mbili ya mwenzake. Mle mle ndani ya mtu mmoja, damu ile ile, chakula kile kile. Nikisikia mtu anauza kitu cha "kuamsha metaboliki ya mwili mzima" huwa nawakumbuka wale wawili na miguu yao.

Ile baridi kwenye jua, na hesabu iliyokushinda, sidhani yalikuwa ya misuli. Kila dalili ni ya sukari iliyoshuka kwenye damu kwa sababu ini nalo limekauka, na ubongo hulitegemea ini. Mwaka 1924 madaktari wa Boston waliwapima wakimbiaji waliomaliza marathoni ya mji ule. Kadhaa walikuwa na sukari ya chini sana, na hao ndio waliofika wamepauka na kuchanganyikiwa. Mwaka uliofuata wakawapa peremende njiani, wakamaliza wakiwa na hali nzuri zaidi. Karibu miaka 100 baadaye wewe unakatazwa peremende. Hili lilinitia hasira kidogo, nakiri.

Mwenzako hakukudanganya kabisa, lakini. Ni kweli ukila wanga, mwili hupunguza kidogo kuchoma mafuta. Kosa ni kudhani kwamba shida yako ni uhaba wa mafuta motoni. Hata mtu mwembamba hubeba kilo kadhaa za mafuta, nishati ya kutosha marathoni zaidi ya kumi. Yapo, ila yanawaka polepole, na kwa kila lita ya oksijeni unayovuta, wanga hukupa nishati zaidi kidogo kuliko mafuta. Kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo misuli inavyoyaacha mafuta na kuukimbilia wanga. Saa 1 na dakika 49 kwa nusu ni dakika 5 na sekunde 10 kwa kilomita. Marathoni ya saa 4 inataka dakika 5 na sekunde 41. Ulikuwa unakimbia mbio za mtu mwingine, tena kwa tangi lako.

Kanitini, basi. Kazi yake ni ya kweli: ndiyo kivuko kinachobeba asidi za mafuta kuziingiza kwenye mitokondria, kule zinakochomwa. Ndiyo maana inauzika kwa urahisi. Mtu akikuchorea kile kivuko unaona mantiki yote. Ila mwili hujitengenezea kanitini wenyewe, na misuli yako imekwisha kuwa nayo tele. Unayoimeza, sehemu kubwa haifyonzwi tumboni, na hiyo ndogo inayofika kwenye damu misuli haiifungulii mlango. Watafiti wa Nottingham walichapisha mwaka 2011 jaribio ambalo ndani yake kanitini ya misuli iliongezeka kweli, kwa asilimia 21. Unajua walifanyaje? Gramu 2 mara mbili kwa siku, kwa wiki 24, na kila mara pamoja na gramu 80 za wanga, kwa sababu ni insulini inayofungua mlango ule. Kwa hiyo dawa ya kuchoma mafuta haiingii kwenye msuli mpaka uisindikize na sukari. Kamsimulie mwenzako hiyo mkiwa mnanyoosha viungo.

BCAA ni asidi amino tatu tu kati ya zile zinazojenga protini. Protini huchangia sehemu ndogo ya nishati ya mkimbiaji, asilimia chache, hupanda kidogo akiba ya wanga ikiisha. Ukila protini kamili kwenye milo yako unazipata hizo tatu na wenzao wote. Kreatini na beta-alanini ni habari nyingine, na hapa niwe wa haki: taarifa ya Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ya mwaka 2018 ilitaja vitu vitano vyenye ushahidi mzuri kwa utendaji, navyo ni kafeini, kreatini, naitreti, beta-alanini na sodiamu bikaboneti. Viwili viko mezani kwako. Ila kreatini ni ya juhudi za sekunde chache zinazorudiwa, na ile kilo na nusu ni maji zaidi ya kitu kingine, unayabeba kilomita zote 42. Beta-alanini hupunguza makali ya tindikali kwenye juhudi za dakika chache, za kukata pumzi. Marathoni yako haifiki huko hata mara moja, labda ukifukuzwa na mbwa. Upupu wenyewe ni kawaida yake na hauna madhara. Ni neva za ngozi.

Vitamini zile ndizo zinazonikera zaidi, kwa sababu mtu huziona hazina hatia. "Takataka za mazoezi" ni msemo wa wauzaji. Unapokimbia, mitokondria hutoa kemikali kali za oksijeni, ni kweli, na zikizidi zinaharibu. Lakini kwa kiasi chake ndizo tarishi: zinapeleka habari kwenye chembe ya msuli kwamba kazi imezidi, ongezeni mitokondria. Ukimeza dozi kubwa kila usiku unamzuia tarishi mlangoni. Mwaka 2014 watafiti wa Norway waliwafuatilia watu 54 kwa wiki 11 za mazoezi ya ustahimilivu, nusu wakimeza miligramu 1000 za vitamini C, dozi yako hiyo hiyo, pamoja na vitamini E. Kwa waliomeza vidonge vitupu, alama za mitokondria mpya kwenye misuli zilipanda. Kwa waliomeza vitamini, hazikupanda. Uwezo wa kutumia oksijeni uliongezeka sawa kwa makundi yote mawili, kwa hiyo sisemi umejiharibia miezi minane. Nasema umelipia kitu ambacho huenda kinakurudisha nyuma, na matunda yangekutosha. Na kama takataka alizozikusudia ni lakteti, ile kemikali misuli inayoitoa ikifanya kazi kwa nguvu, hiyo nayo inasingiziwa. Tangu miaka ya 1980 mtafiti George Brooks ameonyesha kwamba misuli huipitishiana na kuichoma kama mafuta ya taa, moyo nao ukichota. Maumivu ya kesho yake hayaihusu. Saa moja hivi baada ya mazoezi inakuwa imekwisha kuondoka.

Umeniuliza mkebe wa nane. Ni wanga, na saa ya mkononi.

Siku moja na nusu hadi mbili kabla ya mbio, punguza mazoezi na ule wanga mwingi, kama gramu 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako ni karibu gramu 680, na ni chakula kingi kuliko unavyofikiria, kwa hiyo chagua visivyo na makapi mengi usije ukabeba mizigo tumboni. Siku ya mbio, usisubiri uchoke. Kuanzia dakika ya 30 hivi, anza kupata wanga wa kukufikisha gramu 60 kwa saa, iwe ni geli, peremende au kinywaji. Gramu 60 ndiyo karibu kikomo cha mlango wa glukosi kwenye utumbo. Wanaokwenda hadi 90 huchanganya glukosi na fruktosi kwa sababu fruktosi ina mlango wake. Usianze na 90. Utumbo nao hufundishwa: kwenye mbio ndefu za mazoezi anza na 30, wiki zinavyokwenda panda. Ukiijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mashindano, utanitumia barua nyingine, na hiyo sitaki kuisoma nikiwa mezani.

Maji unywe kwa kiu, usijilazimishe. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 chumvi ya damu yao ilikuwa imeshuka chini ya kawaida. Waliokunywa mpaka uzito ukaongezeka ndio waliokuwa hatarini zaidi. Waliochukua zaidi ya saa 4, kama wewe, nao hatari yao ilikuwa kubwa zaidi.

Na mwendo: nusu ya kwanza usiipite chini ya saa 2. Utaona aibu, watu watakupita. Waache.

Kafeini tuiongelee daktari akishasema moyo uko sawa. Ikiwa sawa, miligramu 3 kwa kila kilo, yaani kama 200 kwako, saa moja kabla, ni kiasi chenye ushahidi. Faida yake haitoki kwenye kuchoma mafuta kama ilivyodhaniwa zamani. Inauzuia ubongo usisikie uchovu mapema. Naitreti ya juisi ya bitiruti huwasaidia baadhi ya watu kutumia oksijeni kidogo kwa mwendo ule ule. Ukiijaribu usisukutue mdomo kwa dawa ya kuua vijidudu, maana bakteria wa mdomoni ndio wanaoanza kuigeuza. Lakini hayo ni ya kupaka rangi nyumba. Kwanza ezeka.

Kuhusu mwenzako. Usiende kwake na barua hii mkononi, utamfanya ajitetee, na mtu anayejitetea hasikii. Yeye mwenyewe anaamini anachouza. Bila shaka mikebe yake nayo iko mezani kwake. Mwambie hivi: "Ndugu yangu, daktari amenisimamisha ule unga, na nimeona nisimamishe vyote miezi mitatu nianze upya. Nataka unisaidie." Kisha mpe kazi. Kwenye mbio zako ndefu mwombe yeye ndiye ashike saa, akukaripie ukizidi mwendo, na akukumbushe kula kila dakika 20. Mtu aliyekusubiri alfajiri zote hizo atakuwa hodari kwenye hilo kuliko kwenye biashara. Akinuna kwa sababu ya mikebe, mpe muda. Akiendelea kukusukumia, basi ndipo umwambie wazi kwamba urafiki unautaka, bidhaa huzitaki.

Tena ukipimwa, omba na ferritini ipimwe, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Madini ya chuma yakipungua, mkimbiaji huchoka hata akila wanga wa mji mzima. Ila usianze vidonge vya chuma kabla ya majibu. Vikizidi mwilini ni sumu.

Halafu samaki. Mke wako ana pua nzuri. Kanitini isiyofyonzwa huliwa na bakteria wa utumboni, na wanachokitoa ni trimethilamini, kemikali ile ile inayonuka kwenye samaki aliyelala. Hutoka kwa jasho, kwa pumzi na kwa mkojo. Gramu 3 kwa siku ndicho kiwango ambacho watu huanza kulalamikiwa. Acha leo, mpe wiki moja au mbili kabla hujamuuliza tena. Harufu ikibaki baada ya hapo mtajie daktari, kwa sababu kuna watu ambao ini lao tangu kuzaliwa haliwezi kuivunja. Na zile shuka, ulizifua bure.